Mahari Yenye Kabureta Mbili

Mbarara, 5 Februari 1987

Kwa Fundi Bisimwa, Nakivale.

Assalaam alaykum. Kama salamu hiyo si ya nyumbani kwenu, basi pokea shikamoo yangu.

Jina langu ni Habibah, mjane wa Isa wa Ruti, yule uliyekuwa ukimtengenezea gari lake la mashindano. Mimi na wewe hatujaonana. Niliolewa mwaka 1983, nawe ulikuwa umesharudishwa kambi ya wakimbizi mwaka mmoja nyuma, lakini Isa alikuwa hafungui boneti bila kukutaja. Samahani kwa habari hii: Isa alifariki mwaka jana, mwezi wa Juni, kwa ugonjwa wa ini.

Gari lile jeupe la milango miwili ndilo mahari yangu. Sheikh alilitaja mbele ya watu, na Isa akanikabidhi funguo kabla pilau halijaiva. Tangu hapo ni mali yangu. Sasa lina ugonjwa. Linawaka vizuri, na likiwa limesimama linanguruma sawasawa. Ninapokanyaga mafuta ili liongeze mwendo, linasita. Linakata pumzi kama mtu aliyeitwa jina asitake kuitika, linakohoa, ndipo liende. Tambarare linavumilika. Kilimani linazimika.

Limelala kwenye ghala la Nasuru, kaka yake mkubwa marehemu, ambaye ni mfanyabiashara wa nguo hapa mjini. Nasuru anasema gari limekufa. Mafundi aliowaleta yeye wanasema vilevile. Anataka ghala lake, na amepata mnunuzi, kapteni mmoja wa kambi ya jeshi, atakayelivuta kwa kamba. Nimepewa muda mpaka Ramadhani iingie.

Siuzi. Nataka litoke ghalani kwa nguvu zake lenyewe, nami nikiwa kwenye usukani, tuende kwa mama yangu Kikagate. Vilima vya njia ile unavijua kuliko mimi.

Anayekuletea barua hii ni Robinah, anayenunua samaki ziwani kwenu. Mpe yeye majibu, usimpe mwingine.

Habibah

*

Nakivale, 12 Februari 1987

Mama Habibah,

Jambo sana. Barua yako ilifika na harufu ya samaki, lakini maneno yote nilisoma. Nilikaa chini. Muke wangu aliuliza nani amekufa, nikamujibu ni mutoto. Isa alikuwa mutu mukubwa, najua, lakini kwa gari alikuwa mutoto, alitakaka kukimbia mbele ya kusikiliza. Nilimupenda. Pole sana, mama.

Mimi siwezi kuja Mbarara. Mutu wa kambi anatoka na karatasi ya ruhusa, na ile karatasi nimeiomba mara mingi mpaka nimechoka. Kwa hiyo mikono itakuwa ya kwako.

Gari yenye kusita ni kama mutoto mudogo mwenye kulia: labda iko na njaa, labda imekula kupita kipimo. Tujue kwanza hiyo. Toa buji zote, zile nyinyi munaita plagi, uangalie midomo yake. Kama ni nyeusi na inapaka, moteri inakunywa esansi, petroli yenu, mingi. Kama ni nyeupe sawa majivu, moteri iko na njaa. Kisha endesha polepole, na pale inaanza kusita, vuta choki kidogo tu. Choki inaongeza esansi. Kama gari inapata nguvu, iko na njaa kweli. Kama inakohoa kuzidi, imeshiba.

Uniandikie kile umeona na macho yako. Kile bale mafundi balisema usiniandikie. Moteri yenye kufa haingurume vizuri pale inasimama.

Bisimwa Deogratias

*

Mbarara, 21 Februari 1987

Fundi Bisimwa,

Plagi ni nyeupe, zote sita. Nilizipanga juu ya kanga yangu ya zamani nikazitazama mpaka macho yakaniuma, nisije nikajidanganya. Ni nyeupe kama majivu ya mkaa.

Kisha nililitoa barabarani. Lilipoanza kusita nikavuta choki upana wa ukucha, na gari likaruka mbele hata kichwa kikanigonga kitini. Nikairudisha, likasita. Nikavuta tena, likaenda. Lina njaa, fundi. Nililia kidogo pale kando ya barabara, si kwa huzuni. Tangu Isa afe, kila mtu ananieleza gari langu lina nini, na hii ni mara ya kwanza gari lenyewe kunieleza.

Niliporudi nilimkuta Nasuru mlangoni mwa ghala. Alinitazama mikono. Akaniambia kwamba mwanamke wa Kiislamu hafungui injini. Nikamwomba anionyeshe aya. Akasema nina ulimi mrefu, nikamwambia nina na spana pia, ya marehemu ndugu yake, na kwamba nitaitumia mpaka siku aliyonipa ifike. Aliondoka bila kuaga.

Chujio la petroli nimelitazama, ni jipya. Bomba halivuji. Niambie pa kwenda sasa.

Habibah

*

Nakivale, 1 Machi 1987

Mama Habibah,

Umefanya vizuri kupita bantu mingi nilifundisha na fimbo.

Gari iko na njaa, lakini esansi inafika. Basi tuseme hivi: chakula iko mezani, ni mukono yenye haifikishe kwa kinywa. Ao hewa inaingia fasi, nyinyi munasema mahali, haina ruhusa. Chukua maji ya sabuni, moteri ikiwa inazunguka polepole, na umwange kidogo kidogo fasi karbiratere inakutana na moteri. Kama sauti inabadilika, hewa inapita pale. Kama haibadilike, nenda mbele.

Sasa sikiliza, hii ndiyo kubwa. Karbiratere ya magari mingine iko na pompe ndogo. Ukikanyaga, pompe inatupa esansi ndani. Yako haina pompe, kumbuka hiyo. Ziko mbili, na kila moja ndani iko na pistoni yenye kupanda pale unakanyaga. Ile pistoni inapaswa kupanda polepole, maana ikipanda mbio, hewa inaingia mingi kabla ya esansi, na moteri inakata pumuzi. Kile kinaikamata ni fimbo ndogo yenye kichwa cha shaba, inaogelea ndani ya mafuta. Fimbo inashikwa na kofia nyeusi, juu kabisa.

Zima moteri. Toa sahani ya hewa, ingiza kidole, inua pistoni. Kama inapanda na uzito, kama kuinua mutoto amelala, ni uzuri. Kama inaruka kama unyoya, fungua kofia nyeusi na uniambie chini yake kuko nini.

Bisimwa

*

Mbarara, 9 Machi 1987

Fundi Bisimwa,

Maji ya sabuni hayakubadili sauti. Pistoni zote mbili zinapanda kama unyoya.

Nikafungua kofia. Chini ya kila moja kuna kipande cha fimbo kifupi kama kiungo cha kidole, na hakuna kichwa cha shaba. Hazikuvunjika. Zimekatwa kwa msumeno, na mahali pa kukatwa pamesuguliwa kwa tupa mpaka pakawa laini. Kisha kofia zikarudishwa na kukazwa vizuri, ili anayetazama juu asione kitu.

Mara ya kwanza nilimfikiria Nasuru. Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwenda kumfuata dukani, funguo za ghala mkononi, nikasimama. Nasuru hajui hata pa kuongeza maji. Aliyefanya hivi alilijua gari, na alikuwa na mkono mwema. Mwizi hasugui kwa tupa.

Ndipo nikakumbuka mwaka 1985, wakati wa utawala uliopita, wanajeshi walipokuwa wakichukua kila chenye magurudumu. Walifika nyumbani kwetu Ruti kulidai gari. Isa akawapa funguo, hata akawafungulia lango. Walikwenda nalo upande wa kilima, na kabla hatujala walikuwa wamelirudisha wakilisukuma, jasho likiwatoka. Mmoja alilipiga teke mlangoni, akasema takataka hii muwe nayo wenyewe. Isa aliwaomba radhi kwa usumbufu. Mimi nilidhani ameogopa. Usiku ule sikusema naye, naye hakujitetea, akala chakula chake na kwenda kulala.

Baadaye vita vikaingia mjini, na vilipotoka yeye akaanza kuumwa. Hakuniambia kwamba fimbo alizikata yeye mwenyewe. Nadhani alitaka nikiulizwa niweze kuapa kwamba gari ni bovu, na uso wangu usinisaliti.

Naandika haya nimekaa ndani ya gari. Sijui nimwambie nani mwingine.

Habibah

*

Nakivale, 16 Machi 1987

Mama Habibah,

Nilisoma barua yako mbele ya muke wangu, Mama Sifa. Kisha yeye akasema: huyu bwana alificha gari ndani ya gari. Mimi siwezi kusema vizuri kupita hiyo.

Ile kazi ya fimbo nilimufundisha mimi, mu garage ya Mbarara, siku moja ya mvua. Alikuwa anacheka, anasema kitu kidogo hivi kinaweza kusimamisha gari kubwa? Kumbe alikuwa anaweka neno ndani ya roho.

Zile fimbo hauwezi kuzipata kwa duka, hapa ao Kampala. Nitazichonga mimi. Nitumie kofia moja na kipande chake, na uchukue ubua wa majani, uingize ndani ya tundu mpaka chini, uukate pale unatokea, unitumie na huo. Niko na shaba. Primus ya Mama Sifa iko na pompe, na pompe iko na muti wa shaba. Ameniuliza atapikia nini. Nimemujibu kuni ziko mingi.

Neno moja nauliza kama muzee. Juu ya nini shemeji yako anakaza hivi? Ghala ni fasi ndogo, na mutu wa nguo hana haja ya fasi yenye harufu ya mafuta. Kama kuko kitu kingine, uniambie.

Bisimwa

*

Mbarara, 20 Machi 1987

Fundi,

Kofia na ubua vimo ndani ya kopo la majani ya chai. Mwambie Mama Sifa kwamba nikifika Kikagate atapata jiko jipya kutoka ng'ambo ya mto wa mpakani.

Kuhusu shemeji, ni ghala tu. Usijisumbue.

Habibah

*

Nakivale, 30 Machi 1987

Kwa Bibi Habibah,

Kwa heshima ninakuarifu kwamba, baada ya kufikiri kwa makini, nimeona gari lako haliwezi kupona. Sababu ya kusita kwake ni ile pampu ya kutupia petroli iliyomo ndani ya kabureta, ambayo imepasuka, na pampu hiyo haipatikani tena popote. Ninakushauri uliuze kwa mnunuzi aliyepo.

Na kuhusu jambo la ndoa, ni vema mjane akawasikiliza wakubwa wa familia, kwani mwanamke bila mume ni kama nyumba bila paa. Shemeji yako ni mtu mwema, na nia yake ya kukusitiri ni ya sheria na ya heshima.

Usiniandikie tena.

Bisimwa Deogratias

*

Mbarara, 4 Aprili 1987

Fundi Bisimwa,

Nakuandikia tena.

Barua yako ya mwisho aliniletea Nasuru mwenyewe, akiwa ameipasua bahasha, akasimama nisome mbele yake. Nilisoma. Nilipofika kwenye pampu nilitaka kucheka, nikainamisha kichwa ili adhani ninalia. Uliniambia nikumbuke kwamba gari langu halina pampu, nami nimekumbuka. Basi ama mkono ule haukuwa wako, ama ulikuwa wako na mtu mwingine amesimama nyuma yako. Mwandiko ni wako. Kwa hiyo najua alikuwa wapi amesimama.

Nilikuficha, na sasa umejua kwa njia mbaya. Tangu eda yangu iishe, Nasuru anataka kunioa. Ana wake wawili. Anasema mali ya ndugu isitoke nje ya nyumba, na mimi ameniweka pamoja na vitanda na kabati. Gari likiuzwa, sina kitu changu hapa, na safari ya kwenda kwa mama nitaombea ruhusa. Gari likitembea, nina mahari yangu na ninaondoka nayo. Ndiyo maana anakaza. Sikukuambia kwa sababu nilitaka mtu mmoja duniani azungumze nami kuhusu injini tu.

Jibu langu amelipata. Aliniuliza, "Umesikia fundi wako anavyosema?" Nikamwambia nimesikia, na nitafikiri mpaka siku ya mwisho aliyonipa. Alifurahi. Alidhani kufikiri ni kukubali.

Kama amekuumiza, niambie. Kama umechoka nami, niambie pia, lakini kwa maneno yako, yale ya buji na esansi. Fimbo zikipatikana nitaondoka nazo. Zisipopatikana nitaondoka na choki mkononi, nikikohoa kila kilima mpaka Kikagate. Kwa Nasuru sibaki.

Habibah

*

Nakivale, 11 Aprili 1987

Mama Habibah,

Mungu akuongezee akili. Mimi nilikaa siku zote hizi na woga: kama hakumbuke pompe, nimemuua.

Nasuru alikuja na motokari ya kukodi, amevaa kanzu safi. Alijua majina yetu; nafikiri aliona barua yangu moja ndani ya gari. Alikaa kwa kiti cha Mama Sifa, akasema na sauti ya upole sana. Alisema yeye anajua bakubwa, anaweza kunipatia karatasi ya kuishi Mbarara, na garage iko tayari, na vyombo vyote, na chumba cha mimi na muke wangu. Akatoa ile barua, ameshaandika kwa karatasi yake, mimi niandike upya na mukono wangu. Ndani yake alikuwa ameandika tu moteri imekwisha. Nikamuambia, bwana, huyu mama anajua kidogo, hataamini neno moteri peke yake, tuweke sababu ya ufundi. Akasema weka. Nikaweka pompe. Alinishukuru.

Kama ningekataa pale pale, angekwenda kuvuta gari kesho yake. Nilitaka aende na furaha, alale, mimi nimalize kazi.

Jana alirudi kuuliza kama umeniandikia tena, na akaleta karatasi ya ruhusa, ameishika hivi kwa vidole viwili niione. Nikamuambia arudi nayo. Aliuliza kwa nini. Nilimujibu: "Nimekuwa mukimbizi kwa miaka mingi, bwana. Ile kazi yenye unanipa ni ya kukimbia kwa mara ya pili."

Mama Sifa alisikia yote akiwa kwa moto, macho mekundu na moshi. Nilifikiri atanikasirikia, juu ya chumba kile cha Mbarara. Alisema tu: umeshasahau kuchonga ya pili.

Nimechonga. Ziko mbili ndani ya hii kopo, zimefungwa na kitambaa. Ile kofia yenye uliniletea nimeshaitia yake. Ya pili fanya hivi: gonga kile kipande cha zamani kitoke, ingiza yangu, pinda shingo kidogo na koleo. Weka mafuta ya moteri, yale mepesi, mpaka upana wa kidole chini ya mudomo wa tundu. Funga kofia na mukono tu. Kisha inua pistoni. Utajua.

Na usingoje siku ya mwisho. Mutu akishakataliwa fasi moja, anakimbilia ingine.

Bisimwa

*

Kikagate, 27 Aprili 1987

Baba yangu Bisimwa,

Ndiyo, Kikagate. Tazama tena hapo juu.

Robinah alinipa kopo Ijumaa mchana. Jumamosi asubuhi, kabla duka la Nasuru halijafunguliwa, nilikuwa ghalani. Kofia yako ya kwanza iliingia kama imezaliwa mle. Ya pili ilinitoa jasho, koleo likateleza na kunikata kiganja, lakini iliingia. Nikatia mafuta. Nikaingiza kidole na kuinua pistoni, na fundi, ikapanda na uzito. Kama kuinua mtoto aliyelala. Sina mtoto, lakini mkono wangu ulijua ulichokuwa ukisema.

Nilikuwa nafunga boneti walipofika. Nasuru, na kapteni na askari wake wawili kwenye gari la jeshi, na kamba. Umesema kweli kwamba hakungoja. Alikuwa ametoka kwako na hasira zake. Majirani walianza kutoka nje. Nasuru alisema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba familia imeamua, gari ni bovu, fundi wangu mwenyewe amethibitisha kwa maandishi, na kwamba ananiokoa na aibu. Askari mmoja akainama kutafuta pa kufunga kamba.

Niliingia ndani ya gari, nikafunga mlango. Nikateremsha kioo nikamwambia kapteni kwamba gari hili ni mahari yangu, sheikh yupo hai na mashahidi wapo hai, wawili kati yao wamesimama pale wakitutazama, na akitaka kulifunga kamba alifunge nikiwa ndani. Nikamwambia pia kwamba si bovu. Kama anataka kujua, alifuate mpaka juu ya kilima kile kinachopanda kutoka mto Rwizi. Likisita hata mara moja, nitamwachia funguo.

Sikuwa nimelijaribu. Nakuambia wewe tu. Sikuwa nimeliwasha hata.

Nasuru alicheka, akamwambia kapteni asipoteze muda na mwanamke. Kapteni huyu anaitwa Kamugisha, ni mtu wa maneno machache, uso una makovu ya vita. Aliwaambia askari wake waache kamba kwanza.

Nililiwasha. Nikateremka polepole mpaka darajani, gari la jeshi nyuma yangu. Pale chini ya kilima, mahali ambapo lilikuwa likinifia kila mara, nikakanyaga.

Halikusita.

Sijui nikuelezeje. Miezi yote hii nilikuwa nimezoea lile shimo, pale mguu unapotangulia na gari linabaki nyuma. Mwili wangu ulijikaza kulingoja. Shimo halikuja. Mguu ulikwenda na gari likaenda, na sauti ikapanda pamoja nasi, na nikaisikia ile sauti aliyokuwa akiniigizia Isa kwa mdomo wake mezani, nami nikimwambia ale. Nilifika juu nikiwa napiga kelele peke yangu. Kwenye kioo, gari la jeshi lilikuwa bado katikati ya kilima likipumua moshi.

Niliwangoja. Ningeweza kuendelea, lakini sikutaka iitwe kutoroka. Kapteni aliteremka akalizunguka gari, akaweka mkono juu ya boneti. Nasuru alikuwa akimweleza mambo ya familia na ya heshima. Kapteni akamwambia:

"Mimi uliniambia hii gari haina mwenyewe. Sasa naona mwenyewe iko ndani. Mimi nanunua kitu ya mutu, sinunui mutu."

Kisha akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia Kikagate, kwa mama. Akanishauri nitembee kabla jua halijawa kali, maana barabara ina vumbi, akapanda gari lake.

Tukabaki mimi na Nasuru pale juu, gari la jeshi likimwacha arudi kwa miguu. Nilidhani atatukana. Aliniuliza kwa sauti ndogo watu watasema nini juu yake. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, lakini haikutosha kuzima injini. Nilimwambia funguo za ghala zipo juu ya dirisha, na vitanda na kabati namwachia. Nikaondoka.

Mama alisikia mlio kabla hajaniona. Alidhani ni jeshi, akafunga mlango.

Ramadhani inaingia wiki hii. Nitafunga, na jioni nitawafundisha udereva wasichana wawili wa hapa ambao baba zao wamekubali, na mmoja ambaye baba yake hajakubali bado. Jiko la Mama Sifa nimelinunua ng'ambo ya mto, limo kwenye buti.

Na hili ndilo ninalotaka kukuambia. Wewe huruhusiwi kutoka Nakivale. Mimi sikuona popote palipoandikwa kwamba gari haliruhusiwi kuingia. Idd ikipita, Jumapili yake, nitakuja. Nitaingia mchana, kwa barabara kubwa, mbele ya kila mtu, na nitapiga honi.

Binti yako,
Habibah

*

Nakivale, 8 Mei 1987

Mwanangu Habibah,

Barua yako nimeisoma mara mingi. Mama Sifa anataka ile fasi ya kilima tu, mengine ananiambia nipite.

Uje. Nimekwenda kwa ofisi ya kambi, nimeuliza kama mugeni anaweza kuingia na gari yake mchana. Balisema anaweza, aandikishe jina. Nikauliza tena: na mutu wa kambi anaweza kuendesha gari ya mugeni, ndani ya kambi, bila kupita mupaka? Baliangaliana. Hakuna mutu alikuwa ameuliza hiyo. Mwenye alikuwa kwa meza alisema haoni fasi inakatazwa.

Barabara kutoka ofisi mpaka ziwani iko nzuri wakati huu, mvua imeipiga na imekauka. Iko na tambarare, kisha kilima kimoja chenye heshima, kisha inashuka mpaka kwa maji. Nimeitembea kwa miguu jana, nikihesabu vitesi, gia zenu, na mudomo. Bantu bananiangalia kama mwenda wazimu. Nilibaacha baangalie.

Miguu yangu si ya zamani, lakini wa kulia ungali unasikia.

Ukifika, usizime moteri. Sogea kwa kiti cha abiria.

Bisimwa